Inua, Futa, Rudisha

Klabu ya Kusaidiana ilikuwa na kaulimbiu yake, iliyoandikwa kwa rangi ya kijani juu ya mlango wa darasa la sita: Tenda wema, nenda zako. Wanachama waliifuata neno kwa neno. Jumamosi waliingia nyumba ya mtu na mafagio na ndoo, wakatenda wema, na kabla jua halijawa kali walikuwa wamekwenda zao.

Aliyewaongoza alikuwa msichana ambaye wenzake walimwita Kiranja hata siku za likizo. Hakuwa mkali. Alipenda tu kila kitu kikae mahali pake, na tabia hiyo aliirithi kwa mama yake, aliyesafisha vyumba katika hoteli moja jirani na stendi ya mabasi. Mama alikuwa na kipimo chake cha kazi: chumba kimesafishwa pale mgeni anapofungua mlango akadhani hakuna binadamu aliyewahi kulala humo. Kiranja alikulia ndani ya kipimo hicho. Kabla hajaanza shule alijua kukunja pembe za shuka, na kupanga vikombe mikono yote ikitazama upande mmoja kama askari kwenye gwaride.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya Bibi Viti.

Jina alipewa na kazi. Watu walimletea fremu za chuma za viti vilivyokatika kamba, naye akazivisha upya kwa kamba za plastiki, nyekundu, nyeupe, buluu au kijani, kadiri ya agizo. Alikuwa haoni. Macho yalimwacha polepole, ukubwani, akiwa tayari ana ufundi wake, kwa hiyo mikono ilipata nafasi ya kujifunza kabla macho hayajafunga duka. Aliishi peke yake katika chumba kimoja chenye kibaraza mbele na mlango wa nyuma wa kuendea chooni. Mwanawe wa pekee, dereva wa lori, alipita kila alipopata mzigo wa upande huo, na kila alipopita alisema, "Mama, twende kwangu." Bibi alijibu, "Siku nikishindwa nitakwambia." Mtaa mzima ulikuwa umeyakariri mazungumzo hayo.

Asubuhi ile Mwalimu alimchukua Bibi akaenda kuketi naye shuleni, asikilize kwaya ya watoto wa darasa la kwanza. Hiyo ilikuwa hila. Klabu ilitaka akirudi akute mambo mapya. Kabla ya kuondoka Mwalimu alikipiga chumba picha kwa simu yake, ili baadaye kionekane kilivyokuwa na kilivyogeuka, kisha akawaachia watoto kazi.

"Hapa pana shughuli," alisema Chiriku akichungulia ndani. Chiriku alikuwa mvulana mwenye maneno kama redio iliyong'oka kitufe cha kuzimia, ila alikuwa na nguvu za kubeba, na kwa sababu hiyo Kiranja alimvumilia.

Chumba hakikuwa kichafu. Machoni pa Kiranja kilikuwa shaghalabaghala. Ndoo ya maji ilikaa nyuma tu ya mlango, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuikumba. Kigoda kilikuwa katikati ya sakafu bila sababu. Jiko la mafuta lilikaa chini, dirishani, na kiberiti kando yake ndani ya kopo. Vikombe vilining'inia kwenye misumari karibu na kitanda. Marobota ya kamba za plastiki yalitundikwa kwenye misumari iliyogongwa ovyo, mmoja juu, mwingine chini, mwingine kwenye mwimo wa mlango. Kamba kuukuu yenye mafundo ilitoka kwenye mguu wa kitanda ikaenda hadi mlango wa nyuma, bila kuanikwa hata nguo moja. Na ukutani, usawa wa nyonga, ulizunguka mstari wa kijivu wa uchafu wa mikono.

"Huu ni wa enzi za babu yake babu," Chiriku alisema, akiukwaruza kwa ukucha.

"Sugua," alisema Kiranja. "Ukikauka, chokaa."

Walisugua, wakapaka. Kiranja alisimama katikati akagawa kazi kama mama yake alivyowagawia wasaidizi wake. Ndoo ikasukumwa hadi kwenye kona. Jiko likapandishwa mezani, maana jiko la sakafuni ni la watu wasio na meza. Kigoda kikaingizwa chini ya kitanda. Vikombe vikapangwa kwenye rafu, mikono ikitazama dirisha. Misumari ikang'olewa, matundu yakazibwa kwa chokaa, na marobota ya kamba yakatiwa yote katika boksi moja zuri, rangi zimefuatana vizuri hata mtu angedhani ni duka. Ile kamba kuukuu wakaikata, wakafungia mfuko wa taka. Kiranja alipomaliza alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akatazama. Hakuna binadamu aliyewahi kulala humo. Kifua kilimjaa.

Bibi alirudi akiwa ameshika kiwiko cha Mwalimu. Watoto walijipanga kibarazani wakaimba.

"Karibu nyumbani, mama," alisema Mwalimu. "Ingia uo—" Akajikata. "Ingia."

"Nasikia harufu ya chokaa," alisema Bibi.

"Tumepaka kuta zote," alisema Chiriku. "Na ule uchafu tumeutoa. Ulikuwa umegoma, lakini tumeutoa."

Bibi alisimama kizingitini. Alipeleka mkono nyuma ya mlango, chini, pale ilipokuwa ndoo, na mkono ukafumba hewa. Ukabaki hivyo kidogo, kama wa mtu anayepokea kitu ambacho hakijaletwa. Kisha akaurudisha.

"Ahsanteni sana, wajukuu zangu. Mungu awazidishie," alisema. "Hebu nileteeni kiti hapa nje nipumzike kwanza."

Njiani Chiriku alikuwa na lake. "Hata hakuingia. Asante ya punda hiyo."

"Ameshukuru," alisema Kiranja.

"Ameshukuru kama mtu anayechomwa sindano."

Jumatatu mstarini klabu ilipigiwa makofi, na jioni ya Jumanne Kiranja alipita kwa Bibi. Hakutumwa na mtu. Ukweli ni kwamba alitaka kukiona tena chumba.

Alimkuta Bibi kibarazani, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Mbele yake alisimama kinyozi wa pale njia panda na kiti wanachokalia wateja wakingoja zamu.

"Mimi niliagiza buluu na nyeupe, mama," kinyozi alikuwa akisema. "Hiki ni bendera. Na nchi yenyewe siijui."

"Kina rangi gani?"

"Kina zote. Mteja akikikalia ataombwa pasipoti."

Bibi alipitisha vidole juu ya ususi. Ususi wenyewe ulikuwa umekaza, mistari imenyooka. Ni rangi tu zilizoingiana. "Kiache," alisema. "Nitakifumua."

"Na mkono?"

"Jiko."

"Jiko lilikufuata?"

"Nililiwasha, nikaegemea meza kama siku zote. Likawa liko mezani."

Kinyozi hakucheka. Alipokuwa akitoka alimwinamia Kiranja, akasema kwa sauti ya chini, "Nimempigia simu mwanawe. Sikupenda, lakini nimempigia. Kesho anafika na lori. Huyu mama yetu hawezi tena kukaa peke yake, mwanangu."

Kiranja alibaki na lile neno: mezani. Nani aliyeliweka jiko mezani, alijua vizuri kuliko mtu yeyote.

"Bibi," alisema, "tulikuharibia?"

"Nimezeeka tu, mjukuu wangu. Uzee haupigi hodi." Bibi aliinuka. "Ngoja nikupe maji ya kunywa."

Akaingia ndani mikono yote miwili ikiwa mbele, hatua fupi, uso umegeuzwa pembeni kana kwamba anangoja kupigwa. Aliingia kama mtu anavyoingia nyumba ya jirani aliyegombana naye. Kitu kilianguka, kikabingirika. Baada ya muda alirudi mikono mitupu, akasema maji yamekwisha. Ndoo Kiranja aliiona kutoka pale aliposimama. Ilikuwa kwenye kona, imejaa. Kwenye pembe ya kibaraza kulikuwa na mkeka na blanketi vilivyokunjwa. Bibi alikuwa analala nje.

Nyumbani mama yake Kiranja alikuwa ananyoosha sare yake ya kazi. Alisikiliza hadi mwisho bila kusimamisha pasi, ambayo ndiyo ilikuwa njia yake ya kusikiliza kwa makini.

"Nani alikufundisha kusafisha hivyo?" aliuliza.

"Wewe."

"Mimi nilikufundisha chumba cha mgeni." Aligeuza sare upande wa pili. "Tulikuwa na mpangaji mmoja pale hotelini, fundi saa. Alikaa chumba kimoja muda mrefu, meza yake imejaa vijivyuma. Siku ya kwanza nikampangia vizuri, kwa mstari. Mzee wa watu alikaribia kulia. Tangu siku ile kwake nilikuwa na kazi tatu tu: inua, futa, rudisha. Anayepita, unafuta alama zake zote. Anayeishi, unafuta vumbi."

"Hukuniambia hiyo."

"Sikukwambia," mama alikubali. "Nilidhani utaishia kwenye vyumba vya nyumbani kwetu, na huku nyumbani kila kitu naweka mimi." Akaweka pasi chini. "Atachukuliwa lini?"

"Kesho."

"Basi usikae hapa ukinitazama mimi. Kawaambie wenzako leo, kesho mkitoka shule muwe tayari."

Siku ya pili lori lilikuwa limekwenda kwenye maghala kupakiwa, lakini dereva mwenyewe alikuwa kibarazani kwa mama yake. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye shingo iliyoungua jua upande mmoja, ule wa dirishani. Godoro la Bibi lilikuwa tayari limekunjwa na kufungwa kamba. Klabu ilifika na Mwalimu mbele, ikasimama.

"Shikamoo, baba," alisema Kiranja.

"Marahaba. Mmekuja kuaga?"

"Tumekuja kurudisha."

"Kurudisha nini?"

"Nyumba."

Dereva alimtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama viatu vyake. Kiranja akaeleza, kwa mpangilio, maana ndivyo alivyojua: ndoo, kigoda, jiko, misumari, kamba, mstari wa ukutani. Hakuacha kitu.

"Mama, kwa nini hukuniambia?" dereva aliuliza. "Nimefika hapa, umeniambia uzee."

"Walikuja wakiimba," alisema Bibi. "Ungekuwa wewe ungewaambia nini?"

"Ukweli."

"Wewe siku ya kwanza kushika sufuria ulinipikia uji wenye chumvi ya kukaushia samaki. Niliunywa wote. Ulitaka nikwambie ukweli?"

Chiriku aliguna kicheko, akakimeza.

"Tulikusudia kutenda wema, mama," alisema Mwalimu.

"Na mlitenda. Shida ilianza mlipokwenda zenu."

Dereva alikaa juu ya godoro lililofungwa, akajipangusa uso. "Sina neno na watoto," alisema. "Lakini nisikilizeni na mimi. Kama mafagio ya wanafunzi yameweza kumshinda mama yangu, kesho je? Jirani akihamisha ndoo? Panya akiangusha kopo? Mimi niko barabarani. Nitajuaje?"

Swali lilikuwa la haki, na Kiranja alilijua hivyo. Alikuwa amejiuliza hilohilo usiku kucha.

"Bahati yenu lori linapakiwa polepole," dereva aliendelea. "Nitarudi jua likielekea kuzama. Nikikuta mama yangu anaweza kunipikia chai humu ndani, asiungue, asishikwe mkono, naondoka peke yangu. La sivyo tunaondoka wote, na yasiwe maneno."

"Sukari kiasi gani?" aliuliza Bibi.

"Unanijua."

"Nakujua, ndiyo maana nauliza. Naona hata haitatosha."

Dereva alitaka kutabasamu, akaghairi, akaenda zake.

Jambo la kwanza lilikuwa picha. Mwalimu alitoa simu kwa matumaini, wote wakaizunguka. Picha ilionyesha uso wa Chiriku, mkubwa, umetoa ulimi, na nyuma ya sikio lake kipande cha dirisha.

"Nilidhani bado anajaribu mwanga," alisema Chiriku.

"Umeona faida ya sura yako?" mwenzake mmoja alimwambia. "Imeziba nyumba nzima."

Jambo la pili lilikuwa kumuuliza Bibi. Waliketi mbele yake, Kiranja akauliza moja moja.

"Ndoo ilikuwa wapi, Bibi?"

"Nyuma ya mlango."

"Nyuma kiasi gani?"

"Kiasi cha kuchota."

"Na chumvi?"

Bibi alifungua kinywa, akakifunga. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake uliingiwa na hofu. "Chumvi," alisema. "Sijui. Kila siku naishika, na sijui iko wapi." Vidole vya mkono wake mzima vilikuwa vinacheza juu ya goti, vikifungua kifuniko kisichokuwepo.

Kiranja alivitazama vidole hivyo. Kisha akasimama. "Toeni kila kitu nje," aliwaambia wenzake. "Kila kitu. Acheni kitanda na meza tu, hivyo hatukuvigusa."

"Tena?" alisema Chiriku. "Tumhamishe mara ya pili?"

"Toa."

Vitu vilitoka, vikajaa kibarazani. Chumba kikabaki cheupe, kitupu. Kiranja akamwendea Bibi, akachuchumaa mbele yake.

"Bibi, usituambie chochote. Ingia upike chai."

"Kwa vyombo gani, mjukuu wangu?"

"Hakuna vyombo. Pika kama vipo vyote palepale. Sisi tutafuata mkono."

Bibi alicheka, kicheko cha puani, akainuka. "Mtaa huu ukisikia utasema nimerukwa na akili," alisema, "na wenye ushahidi ni wanafunzi." Akavuka kizingiti.

Mwanzoni alifikiri, na alipofikiri alikosea. Mkono ulinyooka, ukasita, ukarudi. Kiranja akamwambia, "Bibi, yule kinyozi alisemaje tena kuhusu pasipoti?" Bibi akaanza kumsimulia, na akimsimulia mkono wake wa kulia ukashuka wenyewe nyuma ya mlango, ukainama, ukachota. Chiriku aliruka na ndoo, akaitia chini ya mkono. Maji yalimwagikia mguuni. Hakusema neno, jambo ambalo wenzake walilizungumzia kwa wiki nzima.

Bibi aligeuka, akapiga hatua, akachuchumaa dirishani. Jiko likawekwa. Mkono ukaenda kulia kwa kopo la kiberiti, kopo likawekwa. Mkono ukapanda, kwa mazoea ya kila mlo ingawa chai haina chumvi, ukapapasa chini ya ukingo wa meza, upande wa ndani, ambako hakuna mtu mwenye macho ambaye angefikiria kutazama. Na pale Kiranja alipochungulia aliona vijiti viwili vilivyopigiliwa, na nafasi katikati yake. Alichukua kikopo cha chumvi akakisukuma humo. Kiliingia kama mguu kwenye kiatu chake.

"Hiyo hapo," alisema Bibi, naye alisikika ameshangaa kuliko wao. "Kumbe iko hapo."

Kisha akageuka na kukaa. Alikaa hewani, kwa imani kamili, na msichana mmoja mdogo aliyekuwa amekumbatia kigoda alikisukuma sakafuni kwa pupa, kikamfikia Bibi chini kabla ya sakafu. Kiranja alipiga magoti kutazama. Sakafu ya saruji ilikuwa na vishimo vidogo, vimesuguliwa na miguu ya kigoda kwa miaka isiyojulikana. Jumamosi alikuwa amevisugua kwa brashi na sabuni akidhani ni madoa. Aliisogeza miguu ya kigoda kidogo, hadi ikatua ndani ya vishimo vyake.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kawaida: vikombe, majani na sukari vikarudi kwa namna hiyohiyo. Bibi alisuka kiti hewani, na kila alipopeleka mkono kuchukua kamba Mwalimu alitia alama kwa chaki na kugonga msumari: nyeupe usawa wa bega, buluu chini yake usawa wa kiuno, kijani kwenye mwimo wa mlango, nyekundu karibu na kitanda. "Nyekundu watu hawaitaki sana," Bibi alieleza, "nimeiweka mbali." Misumari iliyoonekana kugongwa ovyo ilikuwa imegongwa kwa urefu wa mkono mmoja, wa mtu mmoja.

Ile kamba yenye mafundo haikuwepo tena. Ilikuwa imekwenda na taka. Kiranja alisema hivyo bila kuzungusha. Chiriku akaongeza kwa huzuni, "Maji yakimwagika hayazoleki, Bibi."

"Yanazoleka," alisema Bibi. "Yanarudi na mchanga tu." Akaomba kamba nyekundu, iliyokuwa haina wateja, akawapa watoto ncha wazishike, akasuka kamba mpya nene kutoka mguu wa kitanda hadi mlango wa nyuma, na mafundo akayafunga mwenyewe mahali alipotaka.

Mstari wa ukutani ndio uliobaki. Bibi alipitisha mgongo wa mkono kwenye chokaa, na mkono ukatoka mweupe.

"Huu hatuwezi kuurudisha," alisema Kiranja.

Bibi alimtafuta, akampata begani, akaacha mkono hapo. Chokaa ikabaki kwenye sare. "Huo mniachie mimi," alisema. "Mkono ulioufanya haujakwenda popote. Sasa tokeni. Nyumba ikijaa watu siisikii."

Dereva alirudi wakati mwanga umekuwa wa manjano. Alivua viatu, akaingia. Watoto walibaki kibarazani, vichwa vimesongamana mlangoni, na Kiranja mbele yao, mikono nyuma.

Bibi alikuwa amekwisha kuwasha jiko. Alichota maji bila kugeuka kuitafuta ndoo. Mkono wenye kitambaa ulifungua, wa pili ukamimina. Alinyanyua sukari, akaonja hewa kidogo kana kwamba anapima hasara, akatia, akatia tena. Hakuna kilichogongana. Dereva, ambaye alikuwa ameingia akiwa amekunja uso, alitazama huku uso ukifunguka taratibu. Kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka na moshi wa jiko ulikuwa unamjia, alikivuta kigoda karibu na mlango, akakaa.

Kiranja aliona. Alifungua kinywa. Mkono wa Mwalimu ukamshika begani, palepale penye chokaa, na akanyamaza.

Bibi aligeuka na kikombe kinachofuka. Alipiga hatua, na mguu wake wa kulia ukatangulia kidogo, ukapapasa sakafu pale kigoda kilipopaswa kuwa. Haukukuta kitu. Bibi akasimama. Chai haikumwagika.

"Umekihamisha kigoda," alisema.

"Nimekivuta kidogo tu, mama."

"Kidogo." Aligeuza uso upande ilikotoka sauti, akanyoosha kikombe kuelekea hapo. "Pokea, cha moto hicho. Uliuliza mtu akihamisha kitu itakuwaje. Kitu kimoja kikihama, vingine vyote vinaniambia. Vikihama vyote, nani aniambie?"

Dereva alipokea kikombe. Alikunywa funda kwa funda, na hakuna aliyemharakisha. Sukari, kwa jinsi alivyofumba macho, ilikuwa ya kutosha. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, mgongo wa mkono wake ukienda na kurudi juu ya chokaa, bila yeye kuujali.

Alipomaliza, dereva alisimama. Akakishika kigoda kukivuta, akasita, akakiinua. Alikibeba hadi katikati ya chumba, akainama, akaitafuta sakafu katika ule mwanga mdogo kama mtu aliyeangusha sindano. Alikiweka chini. Hakikukaa sawa. Alikisogeza kwa kidole cha mguu, akakisogeza tena, mpaka kikatulia kwenye vishimo vyake na kuacha kuyumba.

Kisha akatoka kibarazani, akafungua kamba ya godoro, na Chiriku, bila kuambiwa, akashika upande wa pili.